Jiwe la Mlangoni

Kwetu ni Ipogolo. Kama umewahi kupanda basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya, basi kwetu umepita, hata kama ulikuwa umelala mdomo wazi. Ukishamaliza kona za Kitonga, ukaziacha nyanya za Ilula na mnara wa Lugalo, gari linateremka bondeni kwenye Mto Ruaha Mdogo, na mji wa Iringa unauona umekaa juu kilimani kama mzee aliyekalia kigoda anakutazama. Hapo chini bondeni ndipo kwetu. Madereva wa malori wanapoza injini, wauza vitunguu wanakimbilia madirisha, makonda wanaitana kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Tangu utoto nimeyaona magari ya watalii, yale yenye gurudumu la akiba mgongoni, yakipunguza mwendo hapo kwetu. Mengine yanakunja kupanda mjini ili yashike njia ya Hifadhi ya Ruaha. Mengine yananyoosha kuelekea Isimila na Mbeya. Sisi tuliwauzia ndizi na vikapu vya milulu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewauliza huko wanakokwenda kuna nini, maana tulidhani tunajua. "Kuna mawe tu," tulisema. Na kweli yapo. Moja lilikuwa nyumbani kwetu.

Lilikuwa jiwe la kijivu, umbo lake kama tone la maji, nene tumboni na jembamba nchani, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima akinyoosha vidole. Kingo zake zote mbili zilikuwa zimemegwamegwa. Mchana lilizuia mlango wa jikoni, kwa sababu upepo wa bondeni ukianza miezi ile ya kiangazi mlango wetu hugonga kama mtu anayedai deni. Jioni Mama alilinolea kisu. Siku za sikukuu, ikipatikana mifupa ya supu, alilitumia kuivunjia. Aliliita "jiwe la shule", kwa kuwa nililileta nikitoka shule.

Hapo ndipo penye hadithi yenyewe.

Mwaka 2004 nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alituambia tuchange nauli, tukapakiwa kwenye Fuso, tukapelekwa Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya. Ninachokumbuka ni vumbi, nyimbo tulizoimba mpaka sauti zikakauka, na maandazi mawili ya kila mtu. Mtu wa pale alitueleza mambo mengi. Mimi nilikuwa nyuma kabisa na mwenzangu tunashindana kurusha kokoto. Mwalimu alikuwa amekataza mara tatu: "Msiokote kitu!" Sasa mtoto wa darasa la tano ukimkataza mara tatu ni kama umemtuma. Nikaona jiwe zuri limelala kwenye mchanga, limekaa kama lililochongwa. Nikalitia ndani ya sweta. Kurudi nililikumbatia njia nzima kama mtu anayeumwa tumbo, na mwalimu wangu, Mungu ampe maisha marefu, akanitoa nyuma kwenye vumbi akaniweka mbele kwa dereva, akidhani naumwa kweli.

Nyumbani nilisema tumepewa. Mama akalishika, akaligeuza, akasema, "Shule siku hizi zinagawa mawe?" Kesho yake likaanza kazi mlangoni.

Miaka ishirini ikapita hivyo hivyo. Nimesoma, nimesota, nimekwenda Dar nikarudi, na jiwe lipo. Nilikuwa nalipiga teke usiku nikienda kunywa maji, nalitukana, nalala.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, tulikuwa kijiweni karibu na daraja. Mshikaji mmoja akatuonyesha kwenye simu picha ya yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, ambaye mifupa yake Wajerumani waliichimba huko Lindi kati ya 1909 na 1913, wakaibeba mpaka Berlin. Leo amesimama ndani ya jumba la makumbusho, urefu wake zaidi ya mita 13 kwenda juu, watu wanakata tiketi kumwona. Basi mimi nikawaka. Mnanijua, nikishapata kijiwe sina breki. Nikaanza na mjusi, nikahamia kwenye fuvu la Mkwawa, nikaeleza jinsi mzungu anavyokuja kwako, anaona kitu kimelala chini, anadhani hakina mwenyewe, anakitia mfukoni. "Wezi!" nikasema. "Na bado wanatuuliza, tukiwarudishia mtakitunza wapi?" Jamaa wakapiga makofi. Mmoja akaninunulia chai na chapati mbili. Nilirudi nyumbani nimenyooka kama mbunge.

Mpwa wangu alikuwa amekaa jikoni na madaftari yake. Yuko darasa la sita, anaishi na bibi yake, yaani Mama, kwa sababu dada yangu yuko kazini Makambako. Akaniambia, "Mjomba, mwalimu kasema Jumatatu mwenye mfano wa zana za kale alete. Nipeleke hili?" Akagusa jiwe kwa kidole cha mguu.

"Usilipeleke," nikajibu, haraka mno.

"Kwa nini?"

Nikatafuta jibu. Naapa nilitafuta. Ningesema ni zito, lakini yeye hubeba ndoo ya maji. Ningesema si lenyewe, lakini kwenye kitabu chake palikuwa na mchoro, na ule mchoro na lile jiwe vilifanana kama pacha. Kilichokuwa kichwani mwangu ni kitu kimoja tu: mwalimu atamwuliza kalitoa wapi. Mtoto alisubiri kidogo, akaona sina la kusema, akarudi kwenye daftari lake. Chapati ya kijiweni ikanipanda kooni. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mimi kundule nilikuwa nalipiga teke kila usiku.

Jumamosi nikamwambia Mama nalichukua jiwe, nalirudisha Isimila. Alinitazama kwa muda.

"Si ulisema mlipewa?"

"Nilidanganya, Mama."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo."

Akasonya. Halafu akalifuta unga kwa upande wa khanga yake, akalifunga kwenye kitambaa cha zamani kama mtu anayefunga chakula cha safari, akaniwekea kwenye kikapu. "Nenda nalo. Lakini mlango wangu ukivunjika utaununua wewe."

Tukaondoka na mpwa wangu. Hiace za kuelekea Ifunda na Mafinga hazikosekani pale Ipogolo, shida ni kupata pa kuweka magoti. Konda akanyanyua kikapu ili akiweke juu. "Bwana wee, umebeba nini humu?" "Jiwe." Abiria wakacheka, na konda akacheka, akanitoza nauli bila ya mzigo. Yule mama aliyekaa pembeni yangu, mwenye kuku wawili, akaniangalia kwa huruma.

Ukishaiacha Ipogolo nyuma nchi inabadilika. Mwezi wa Oktoba majani yote yamekuwa rangi ya simba, miti ya miombo inaanza kutoa majani mapya mekundu kabla hata mvua haijanyesha, na ng'ombe wamesimama kwenye kivuli cha nguzo za umeme kwa kukosa kingine. Tulishushwa kwenye kibao, tukatembea kwa njia ya vumbi mpaka tukayaona majengo madogo ya kituo. Mzee mmoja wa pale akatupokea. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, kisha akaniuliza kwa Kihehe kama nimetoka mbali. "Kamwene" zikawa nyingi. Nikalipa kiingilio chetu wawili, nikaandika jina kwenye daftari la wageni. Kikapu nikaking'ang'ania. Nilikuwa nimepanga nimkabidhi pale pale, lakini ulimi ukagoma.

Tukaanza kushuka korongoni. Hapa naomba msomaji uwe na subira kidogo, maana mimi safari ya kwanza sikusikiliza, na niliyoyapata safari hii ya pili nayaona kama mtu aliyerudishiwa chenji yake baada ya miaka ishirini.

Isimila ni korongo kavu. Wakati wa mvua kijito kinapita, wakati wa kiangazi unatembea juu ya mchanga. Kuta zake zimejengeka tabaka juu ya tabaka: nyeupe, kijivu, kahawia, nyekundu, kama keki ya harusi iliyokatwa kwa kisu butu. Zamani sana pale palikuwa na ziwa la kina kifupi. Maji yalileta mchanga na udongo, vikatulia, vikaletwa vingine. Wanyama walikuja kunywa, na watu walikuja kuwafuata wanyama. Mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha toweka duniani imepatikana hapo, kiboko ambaye macho yake yalikaa juu kabisa ya kichwa, ili akijizamisha majini aendelee kuchungulia. Baadaye ziwa likafa, likafukiwa na udongo wake lenyewe. Kisha kijito kikaanza kukata kwenda chini, mvua kwa mvua, kikayafunua tena yaliyozikwa.

Kwa hiyo zile zana zinatoka zenyewe. Hakuna aliyezimwaga pale. Kila masika ukuta unamomonyoka kidogo na jiwe linachungulia.

Chini ya kibanda kilichoezekwa tuliyaona mawe mengi yamelala kama yalivyokutwa: mashoka ya mkono, mapasuleo yenye makali mapana, mengine mviringo kama mpira wa matambara. Mzee akatufundisha kutofautisha jiwe la Mungu na jiwe la mtu. "La Mungu linavunjika popote," alisema. "La mtu utaona limepigwa huku, likageuzwa, likapigwa huku, na vipigo vinafuatana." Akamruhusu mpwa wangu ashike moja la maonyesho. Mtoto akalishika, na kidole gumba chake kikaenda chenyewe mahali pake. Hakuna aliyemfundisha. Mkono uliolichonga lile jiwe ulikuwa na kidole gumba kama chake.

"Walifanyia nini?" akauliza.

"Kuchunia wanyama. Kukatia nyama. Kuvunjia mifupa wapate uboho."

Nikamkumbuka Mama na supu yake ya sikukuu. Kumbe katika nyumba nzima ni yeye peke yake aliyekuwa akilitumia jiwe lile kama lilivyokusudiwa.

Umri wake nao ulinifanya nikae chini. Zamani watu walizoea kusema miaka 60,000. Lakini mifupa iliyokutwa na zana hizo ilipopimwa kwa njia ya urani, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yakatoa kama miaka 260,000. Andika hiyo namba kwenye karatasi uitazame. Sisi tunasema Mkwawa ni wa zamani, na kutoka kwake mpaka leo haijafika hata miaka 130. Ukigawanya ile 260,000 kwa vipande vya Mkwawa, unapata vipande elfu mbili. Watu hao walikuja na kwenda pale kilomita chache kutoka Ipogolo kabla hakujakuwa na Mhehe, Mbena wala Mzungu.

Mzee akaendelea na habari za ugunduzi. Mwaka 1951 kijana mmoja aitwaye Maclennan, akiwa safarini kutoka Nairobi kwenda Johannesburg, alipita hapo, akayaona mawe, akaokota kadhaa, akaenda nayo Afrika Kusini kuwaonyesha wataalamu. Ndivyo dunia ilivyopata kuijua Isimila. Miaka ya 1957 na 1958 Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake wakachimba kwa utaratibu.

Nikaruka kwenye hiyo nafasi kama mtu aliyeona mlango wazi. "Kwa hiyo hata huyo Maclennan aliokota akaondoka nayo!"

"Ndiyo," akasema mzee. "Lakini alisema ameyatoa wapi."

Nikanyamaza. Kikapu kikaongezeka uzito.

Kutoka hapo unatembea kidogo unafika kwenye bonde la nguzo. Hapa ndipo wenye kamera wanapofia. Nguzo za udongo zimesimama nyingi, nyekundu na kijivu, nyingine ndefu kushinda nyumba ya ghorofa mbili, nyingi zimevaa jiwe kichwani. Hilo jiwe ndilo siri yake. Udongo ulio chini ya kofia ngumu umekingwa na mvua, udongo wa pembeni umesombwa, ukabaki mnara. Siku kofia ikianguka, mnara nao unaanza safari ya kwisha. Ukisimama katikati yake kimya ni kikubwa mpaka unasikia mbawa za njiwa. Nimeona picha za majangwa ya Marekani yenye minara ya mawe kama hii, vijana wanaweka ukutani mabango yake. Hii yetu iko nauli ya Hiace kutoka kijiweni, na kati ya wale jamaa wote walionipigia makofi, nilikuja kuwauliza baadaye, ni mmoja tu aliyewahi kuiona. Naye alikuja na shule, kama mimi.

Mpwa wangu alikuwa ametangulia anapiga kelele zimrudie. Nikaona nisiposema sasa, nitarudi na kikapu Ipogolo. Nikasema.

Nilimweleza mzee yote, sweta, Fuso, Mama, supu. Nikafungua kitambaa. Alilichukua kwa mikono miwili, akaligeuza upande huu na ule, akalipitisha kidole kwenye makali. Nilitegemea anigombeze. Nilitegemea anikumbushe kwamba nchi hii ina sheria ya mambo ya kale tangu mwaka 1964. Nilitegemea, niseme kweli, hata kusifiwa kidogo, maana nilijiona mtu mwema sana wakati ule. Yeye akauliza swali moja tu:

"Uliliokota wapi?"

"Hapa hapa Isimila, mzee."

"Isimila kubwa hii. Wapi?"

Nikageuka nikatazama tulikotoka. Pale penye kona? Au kule ukuta ulikokuwa mweupe? Nilikumbuka mchanga. Mchanga uko kila mahali. Nilikumbuka mti mdogo, lakini miaka ishirini mti mdogo hauwi mdogo tena, na masika ishirini yamepita yakiula ukuta. Nikanyoosha kidole, nikakishusha.

"Sikumbuki," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Halafu nikafanya jambo la kijinga. Nikasema, "Basi ngoja tuliweke tu pale chini na wenzake. Si litakuwa limerudi?"

"Hapana," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na ukali. "Ukiliweka pale utadanganya. Mtu wa kupima atakuja, atalikuta, ataandika: jiwe hili lilikuwa tabaka hili, karibu na mfupa huu. Na si kweli. Heri jiwe lililopotea kuliko jiwe linalosema uongo."

Msomaji mwenzangu, mimi naandikaandika, na wewe labda vilevile, ndiyo maana unasoma jarida hili. Nimepewa ushauri mwingi kuhusu uandishi na watu waliosoma. Huo wa mzee wa Isimila haujanitoka.

Tulirudi ofisini. Akalipa nafasi kwenye rafu, mbali kidogo na yale mengine. Akatoa daftari, akaniambia niandike kwa mkono wangu. Niliandika: jiwe moja, limeokotwa mwaka 2004 na mwanafunzi, mahali halisi hapajulikani. Nikatia saini. Mistari mitatu haikujaa. Mpwa wangu alisoma juu ya bega langu, neno kwa neno, kwa sauti, kama wanavyosoma watoto. Alipofika kwenye "mwanafunzi" akanitazama usoni, hakusema kitu. Kwenye gari alilala begani kwangu mpaka Ipogolo.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Kalenga peke yangu. Kutoka mjini ni kama kilomita 15 kwa njia ya Ruaha. Kalenga ndiyo iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, ikaangushwa na mizinga ya Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya yeye kuwapiga pale Lugalo na kumwua kamanda wao Zelewski. Aliendelea kuwasumbua porini mpaka Julai 1898, walipomzingira kule Mlambalasi akajipiga risasi, asikamatwe hai. Kichwa chake wakakikata, wakakichukua.

Fuvu liko ndani ya makumbusho madogo, kwenye kisanduku cha kioo. Nilikuwa nimeliona utotoni kama wengine. Safari hii nilisimama mbele yake muda mrefu, na habari niliyoipigia domo kijiweni nikaipitia polepole. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliofunga vita vya kwanza vya dunia, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa katika miezi sita. Halikurudi. Ilifika mwaka 1953 ndipo Gavana Twining akaenda Bremen, akakuta mafuvu mengi rafuni. Mengi. Yalipimwa, yakalinganishwa na vipimo vya vichwa vya ndugu za Mkwawa walio hai, na likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa hapo Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Wapo wasomi wanaouliza mpaka leo kama ni lenyewe. Zamani swali hilo lilikuwa linanikera, nikiona ni dharau kwa wazee wetu. Siku ile sikukereka. Nililiona swali lenyewe kama sehemu ya wizi. Aliyelichukua hakuandika vizuri, au aliandika likapotea, na mafuvu ya watu wengine, ambao nao walikuwa na mama zao, yakapangwa rafuni bila majina. Baada ya hapo hata anayerudisha kwa moyo safi anarudisha pamoja na shaka. Mimi niliyeshindwa kuonyesha mahali nilipookota jiwe moja ndani ya korongo moja, ningeanzaje kucheka?

Bado nasema mjusi wa Tendaguru arudi. Kijiweni bado nabisha, waulizeni. Lakini siku hizi nikibisha nasema na jambo la rafu ya Isimila, jiwe lililokaa peke yake na mistari yake mitatu, na makofi yamepungua. Jamaa hawapendi mhubiri anayeanza na dhambi zake. Hata hivyo wanne kati yao tulikwenda nao mwezi wa Desemba, kabla mvua hazijakolea. Mmoja, yule muuza vitunguu, alisimama katikati ya nguzo akavua kofia bila kujua. Wakati wa kutoka nilimwona anainama. Nikamwita jina. Akainuka, akanionyesha mikono mitupu, akasema alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Pale Kalenga, kabla sijatoka, nilitazama huku na huku nikaona niko peke yangu na lile fuvu. Nikasema, "Kamwene." Kama ni yeye, nimemsalimia Mtwa. Kama si yeye, kuna mtu alikufa mbali na kwao na hajaitwa kwa salamu ya kibinadamu muda mrefu.

Na mlango? Nilimletea Mama jiwe jingine kutoka mtoni, la mviringo, laini, kubwa kuliko lile la kwanza. Anasema halifai. Halikai sawa, linabingirika, kisu halinoi, mfupa halivunji. Upepo ukianza jioni linasukumwa polepole sakafuni, na mlango unagonga. Mama akiwa jikoni anaita kwa sauti ili nisikie huko nilipo: "Haya, mwenye jiwe lake!"

Nami nainuka nakwenda kulishikilia mlango.